Koti Lililokwenda Kasansa

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado dogo, ninaosha gari. Ndoo ya maji, sabuni ya kipande na fulana kuukuu, basi. Sabuni ya unga siitaki, inakula rangi. Naanza juu nashuka chini, magurudumu mwisho, maana ukianza na magurudumu lile tope utalibeba na kitambaa mpaka kwenye kioo. Wajukuu wakija likizo nawafundisha hivyo hivyo, na asiyetaka kufuata namtuma maji. Kuku ni marufuku kwenye banda la gari. Kuku akishaonja kutagia kwenye kiti, humtoi tena ila kwa kisu.

Shule mimi niliishia madarasa ya chini, kwa hiyo nyie msitegemee maneno ya mapambo. Naandika kama ninavyosema.

Gari lenyewe ni pikapu ya Kimarekani, ya zamani kuliko watoto wangu wote. Boneti lake limeinuka kama mgongo wa nyati, taa zake ni za mviringo na zimekaa mbalimbali, na milango ukiifunga inalia kama mlango wa benki. Usukani uko kushoto, kinyume na magari ya nchi hii. Mtaani kwetu hapa Mpanda wanaliita Mmarekani, na mimi wakanibandika mke wa Mmarekani, jina ambalo nimelizoea kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Lilikuja kwa treni enzi za mgodi wa madini ya risasi, limefungwa minyororo juu ya behewa la wazi. Hayo sikuyaona, nilisimuliwa. Mgodi ulipofungwa likapita mikononi mwa watu mpaka likamfikia mfanyabiashara mmoja wa tumbaku, naye likamshinda, akaliacha juu ya magogo nyuma ya ghala. Mume wangu, Mnyamwezi aliyekuja huku kwa kazi ya reli, alilikuta hapo akalitoa kwa ng'ombe. Baba yangu aliposikia kwamba mkwewe ametoa ng'ombe wazima kwa gari bovu, aliniita pembeni akaniuliza kama nataka kurudi nyumbani. Nikamwambia ngoja nione kwanza.

Nikaona. Alilitengeneza mwenyewe, jioni baada ya kazi, na lilipowaka lilitulisha. Lilibeba mahindi ya Kakese, lilibeba maharusi, wagonjwa na majeneza. Mtoto wangu wa mwisho wa kiume nilimzaa humo nyuma, njiani, juu ya magunia, wifi yangu akanizalisha huku anamfokea dereva asikanyage mashimo. Sasa mtoto huyo ni mtu mzima, anaishi Dar es Salaam na ana tumbo la cheo, lakini akijikuza mbele za watu namkumbusha gunia alilozaliwa juu yake.

Kwa sababu usukani uko kushoto, dereva akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni aliyekaa kulia. Kwa hiyo kazi ya kuangalia ilikuwa yangu. Mume wangu alikuwa akisogea nyuma ya lori ananiuliza, "Mama watoto, vipi?" Nami nasema "bado" au nasema "pita". Sikuwahi kusema pita wakati ni bado, naye hakuwahi kupita nikiwa nimesema bado. Kuna ndoa zimefungwa kanisani kwa kwaya mbili na hazina hata hicho.

Jambo jingine ni sauti. Injini ya gari hili haipigi kelele, inaguna, kama mtu aliyeshiba anayekubaliana na wewe. Likivuka reli nilikuwa nalisikia kutoka jikoni, ndipo nasonga ugali. Akiingia mlangoni ugali unafuka. Watu walidhani nina uganga.

Na kila jioni akishazima, alifungua boneti, akainama humo kidogo, akafunga, akatia mkono mfukoni mwa koti, akaingia ndani. Asubuhi anafungua tena, anainama, anafunga, analipiga boneti kwa kiganja na kusema, "Haya mkubwa, amka tukatafute ugali." Ndipo anawasha. Nilidhani analitazama tu, kama mfugaji anavyopita zizini kabla ya kulala. Sikuwahi kumwuliza anafanya nini humo ndani. Naye hakuniuliza naweka nini kwenye mchuzi.

Koti hilo lilikuwa la kahawia, zito, la mtumba, na alilivaa kipupwe na kiangazi. Alikufa limetundikwa msumarini.

Siku ya mazishi alikuja mtani wake, Msukuma mfugaji wa Kasansa, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Wenye utani mnajua kazi ya mtani msibani. Wengine wanalia, yeye anachekesha, na hakuna wa kumkasirikia. Aliingia ndani akatoka amelivaa koti la marehemu. Akatembea kama marehemu, bega moja chini. Akaenda kwenye gari, akalipiga boneti, akaliambia liamke. Halafu akawageukia waombolezaji akasema, "Wanyamwezi wamezaliwa kubeba mizigo. Huyu alipochoka kubeba akajinunulia chuma kimbebee, na leo chuma kimekataa, tumembeba sisi." Watu walicheka na machozi yako mashavuni. Hata mimi chini ya kanga nilicheka, ingawa sikuonyesha.

Jioni akaondoka na koti. Ndiyo desturi. Kitu cha marehemu kikichukuliwa na mtani huwezi kukidai kwa ukali, unakifuata kwake na kukikomboa kwa namna atakayotaka yeye. Wanangu walisema watakwenda. Mvua zikakata barabara, likizo zikaisha, wakarudi makazini kwao, na mambo mengine yakaja juu ya hilo. Gari likabaki bandani. Hakuna aliyelijaribu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa kwenye kile kiti.

Miaka ikapita hivyo. Nilikuwa nalifuta vumbi kwa nje tu. Mpaka mwaka juzi yule mwanangu wa mwisho alipokuja na ndugu zake kunisalimia, akafungua mlango wa gari, nyoka akajinyoosha kwenye kiti akashuka taratibu kama mtu anayeshuka kwake. Kikakaliwa kikao siku hiyo hiyo.

"Mama," akasema, "hili siyo gari tena. Ni nyumba ya nyoka."

"Nyoka ameshahama. Umemwona mwenyewe."

"Kuna mtu Dar anakusanya magari kama haya. Atalitengeneza vizuri, atalipaka rangi, litakuwa linabeba maharusi. Litakuwa linatunzwa, Mama."

"Litavikwa maua ya plastiki."

"Maua yana ubaya gani?"

"Limezaa mtu mzima kama wewe, halafu likavikwe maua ya plastiki."

Wakacheka wote, na yeye akacheka, lakini hakulegeza. Alikuwa anaogopa siku nitakayokutwa nimeanguka mle bandani peke yangu, na katika hilo hakuwa na kosa. Mwisho tukakubaliana. Likiwaka kabla mvua hazijaanza, linabaki, na hataligusia tena. Lisipowaka, atakuja na lori. Nikampa mkono mbele ya ndugu zake. Mimi nikishampa mtu mkono, imekwisha.

Fundi niliyempata ana gereji yake karibu na stesheni. Ni mzaliwa wa Mishamo, alianza na baiskeli, akaja pikipiki, akaja magari. Ni mtu wa maneno machache na mikono misafi, jambo ambalo kwa fundi nililitilia shaka mwanzoni. Alikuja akalizunguka, akachuchumaa, akasimama.

"Bibi, bodi hii haijaoza. Bati la siku hizi lingeshakuwa chujio. Lakini injini, nakushauri nikuwekee ya Kijapani. Utakwenda Sumbawanga na kurudi bila kufungua boneti."

"Nimekuita uniamshie gari. Sikukuita uniletee jingine."

"Injini tu, Bibi."

"Ndiyo hiyo nayoisema."

Akakuna kichwa. "Sawa. Ila likigoma, nisije nikasikia nimelaaniwa."

"Silaani watu. Nawaambia tu."

Kiangazi chote tukawa kazini. Kiti tulikitoa, tukakuta panya wamejenga mji. Tukakijaza sufi upya, nikakishonea turubai zito. Tangi la mafuta alilishusha, akalitia kokoto na mafuta ya taa, akanipa nilitikise upande mmoja naye upande mwingine mpaka kutu ikatoka kama chai ya rangi. Breki alizifungua zote. Mbao za nyuma zilikuwa zimeliwa, tukaweka mninga, na mninga wa huku kwetu ukiupaka mafuta unaona haya kuukanyaga. Rangi ya juu niliikwangua mwenyewe kwa msasa, kila siku kipande, na chini ya bluu aliyoipaka mume wangu nikakuta kijani, kijani cha jani la muhogo. Nikamwambia fundi tuache bluu, turudi kwenye hiyo. Vidole vyangu vilichubuka, nikapaka samli, nikaendelea. Sikumbuki kiangazi kingine nilicholala usingizi mzuri namna ile.

Injini ilikuwa imekamata, haizunguki. Fundi akamimina oili kwenye matundu ya plagi, akaiacha ilale. Kila alipopita akaijaribu kidogo kwa spana ndefu, halazimishi, anaijaribu na kuiacha. Siku moja ikasogea. Tukatazamana kama watu waliosikia mtoto akipiga teke tumboni.

Basi likabaki suala la moto. Akaleta betri mpya, akasafisha nyaya, akazungusha. Injini inazunguka vizuri, lakini haiwaki. Akafungua kifuniko cha distribyuta, akachungulia, akapapasa ndani kwa kidole.

"Umeona nini?"

"Sijaona, Bibi. Ndiyo shida. Rota haipo."

Akanieleza. Rota ni kidude kidogo cheusi, kinaenea kiganjani, kina ulimi wa shaba juu. Kazi yake ni kuzunguka na kugawa moto kwa kila plagi kwa zamu. "Ni kama mama anayegawa uji," akasema. "Asipokuwepo, sufuria imejaa na watoto wana njaa."

"Imepotea?"

"Haiwezi kupotea yenyewe, kifuniko kilikuwa kimefungwa. Imetolewa. Madereva wa zamani walikuwa wanaitoa jioni ili gari lisiibwe. Hata mwizi awe na funguo, haendi nalo. Walikuwa wanalala nayo mfukoni."

Nilikaa kwenye ndoo. Niliona boneti linafunguliwa, mtu anainama, boneti linafungwa, mkono unaingia mfukoni. Jioni zote zile. Na koti nililiona linatoka getini mwangu, liko mgongoni mwa Msukuma.

Nikamweleza fundi. Hakucheka, nikamshukuru kwa hilo. Akasema kama koti lipo, twende. Nikasema ngoja kwanza.

Ukweli ni kwamba sikutaka kwenda. Mimi si mtu wa mzaha. Mume wangu na mtani wake walikuwa wanaweza kutukanana kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, na mimi napita katikati yao na sahani bila kutabasamu. Kukomboa kitu kwa mtani ni kujipeleka uchezewe, na nilimjua yule mzee. Nikamwambia fundi atafute rota nyingine.

Akatafuta. Alileta za magari ya Kijapani, nyingine kubwa, nyingine ndogo. Moja akaikata kwa tupa, akaichonga, ikakaa kama kofia ya kuazima. Akazungusha. Gari likakohoa mara moja, moto ukarudi nyuma ukatokea kwenye kabureta, ukamwondolea nyusi. Akampigia fundi mwenzake wa Dar, naye akamjibu kwamba rota ya gari hilo itabidi iagizwe nje, na mvua zitakuwa zimeshafika kabla yake. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Ziwa Tanganyika.

Mwanangu akapiga simu. "Mama, vipi gari?"

"Limekohoa."

"Kukohoa ni kuwaka?"

"Hapana."

"Mama, kwa nini usikubali ile injini ya Kijapani? Gari litabaki kwako, mimi nitakuwa nimeshindwa, kwisha maneno."

"Halitakuwa na ile sauti," nikamwambia.

Alikulia kwenye hiyo sauti. Lakini akasema, "Basi mimi mwenye lori nimeshaongea naye, Mama. Usije ukasema sikukuambia."

Kesho yake nikamfunga kuku miguu, nikamwambia fundi atoe gari lake, tukaenda Kasansa.

Njia inakatiza hifadhini. Ukipita Sitalike unafunga vioo hata kama kuna joto, kwa sababu ya mbung'o, na bado wanaingia na kukuuma juu ya nguo kama wamelipwa. Fundi anaendesha mkono mmoja na mwingine anajipiga shingoni. Mimi nilikaa na kuku wangu nafikiria jinsi nitakavyoingia. Nilijiambia nitasalimia, nitatoa kuku, nitaomba koti, nitaondoka. Safi.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi, amezeeka, miguu imekuwa miembamba, lakini sauti ile ile.

"Mke wangu amekuja," akaita ndani. "Pangeni kitanda."

Mke wake akatoka anajifuta mikono, naye mzee kama sisi. "Karibu, mke mwenzangu. Umechelewa, mume mwenyewe ameshaisha, limebaki fupa."

"Nimekuja kwa ajili ya koti," nikasema.

"Unasikia?" mzee akamwambia fundi. "Hata maji hajanywa. Huyu mwanamke akifika mbinguni atauliza ufagio uko wapi. Na wewe nyusi zako amekula nani?"

Fundi akasema zimeliwa na gari. Mzee akafurahi sana. Akataka aelezwe yote, na fundi, mtu wa maneno machache, akaeleza kuanzia nyoka mpaka moto wa kabureta. Nilipoona hivyo nikatoa kuku.

"Kuku ni wa kuwapa wageni," mzee akasema, "mimi si mgeni wako. Mlikaa miaka yote hiyo, halafu unaniletea kuku aliyechoka na safari? Koti lipo. Nalivaa mnadani, wanunuzi wakiliona wanajua nimefiwa, hawanipunji. Unalitaka?"

"Nalitaka."

"Basi mwigize. Pale kwenu nilimwigiza mimi, nikawachekesha wote wakati moyo wangu unavuja. Hakuna aliyenisaidia. Leo zamu yako. Ukimleta hapa nikamwona, chukua koti na chochote kilichomo."

Watoto wa boma lile walikuwa wameshakusanyika, na wakamwana wawili wakaacha kutwanga. Nikamwangalia fundi. Akaangalia ng'ombe. Palikuwa na jike moja jeusi lenye baka jeupe kwenye paji la uso, zuri sana, nalo lilikuwa linaniangalia kama wengine. Nikafikiri nirudi Mpanda nimwache mwanangu alete lori lake. Halafu nikafikiria banda tupu.

Nikasema, "Leteni koti."

Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka, na lilinuka ng'ombe. Nikalivaa juu ya kitenge. Nikashusha bega moja. Sikujua kama naweza, lakini mtu uliyeishi naye maisha hayo yote, mwili wako unamjua. Nikatembea kwenda kwenye gari la fundi, mguu wa kulia unaburuta kidogo vumbi kama wake. Nikafungua boneti. Nikainama, nikakohoa kikohozi chake cha tumbaku, nikanung'unika maneno yake ya Kinyamwezi ambayo hayaandikiki. Nikafunga boneti, nikalipiga kwa kiganja.

"Haya mkubwa," nikasema kwa sauti yake, "amka tukatafute ugali. Yule mama amekasirika tena."

Hayo ya mwisho alikuwa anayasema akidhani simsikii. Nilikuwa namsikia kila siku.

Mzee wa Kasansa alicheka mpaka kigoda kikamtupa. Mke wake alikuwa anacheka na kulia. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa bado ndani ya mwendo wa mume wangu na alikuwa akishafunga boneti anafanya hivyo, nikatia mkono mfukoni.

Mfuko ulikuwa umetoboka. Kidole kikapita kwenye tundu, kikaingia ndani ya bitana, chini kabisa kwenye pindo, kikagusa kitu. Kidogo, kigumu, chenye ulimi.

Nikakitoa, nikakiweka kiganjani. Fundi akaja mbio kama mtu aliyeitwa jina lake. Akakishika kwa vidole viwili, akakigeuza, akakifuta kwenye shati lake safi.

"Ndiyo yenyewe, Bibi."

"Mnaona?" mzee akasema akiwa bado chini. "Hicho kidude kimenigonga paja miaka yote. Nilikipapasa siku ya kwanza nikajua ni dawa ya Kinyamwezi. Nikasema mimi mkono wangu siuingizi humo, nisije nikaamka nimebeba mzigo kichwani naelekea pwani."

Nikacheka. Sikuficha, wala kanga ya kujifunikia sikuwa nayo.

Tulikula ugali na maziwa mgando, na kuku niliyempeleka hakuchinjwa, aliachiwa akachanganyika na wenzake. Wakati wa kuondoka nikavua koti nikampa mzee. Akasema nimeshalikomboa, ni langu. Nikamwambia akae nalo, ng'ombe wake wameshalizoea, na wanunuzi nao.

Siku iliyofuata fundi akaisugua rota kwa msasa laini, ulimi ukang'aa. Akaipachika, akafunga kifuniko. Akataka kukaa kwenye usukani nikamwambia bado. Nikalipiga boneti mwenyewe. Maneno niliyasema kwa ndani, maana majirani walikuwa wameshasimama ukutani. Kisha nikasema, "Pita."

Fundi akakaa, akawasha. Likazunguka, likakohoa, likatoa moshi mweupe uliofukuza mbuzi wa jirani mpaka barabarani. Likatetemeka. Halafu likatulia, likaanza kuguna kama mtu aliyeshiba.

Nikampigia mwanangu. Alipopokea sikusema neno, nikaisogeza simu kwenye boneti nikaishikilia hapo. Kisha nikairudisha sikioni.

"Mama," akasema. "Nimesikia njaa."

"Basi na wewe umesikia vizuri."

Lori halikuja. Alikuja yeye, Krismasi, na watoto wake, nikawapakia wote nyuma juu ya mbao za mninga.

Siku hizi anayeendesha ni mjukuu wangu wa kike, mwenye leseni. Mimi nakaa kulia kama zamani. Tukienda Kakese kufuata mahindi, akisogea nyuma ya lori ananiuliza, "Bibi, vipi?" Namwambia bado. Ana haraka kuliko babu yake, lakini anasubiri. Oili nahakikisha inabadilishwa kabla haijawa nyeusi. Maji ya rejeta natazama mwenyewe kila asubuhi. Fundi akipita hapa kwa shughuli zake anasimama barabarani anasikiliza kidogo, kisha anaendelea na safari. Nyusi zimeota.

Na jioni, likishazimwa, nafungua boneti, natoa rota, naifunga kwenye pindo la kanga. Mjukuu anasema kuna vifaa vya kisasa vya kuzuia wizi. Namwambia ahsante.

Mavuno yaliyopita mzee wa Kasansa alikuja Mpanda kwa macho yake yanayosumbua, akalala kwetu. Nikamzungusha mjini ndani ya Mmarekani, amekaa katikati na lile koti, anawapungia watu kama mbunge. Tuliporudi aliniona nikifunga boneti na kukaza fundo.

"Mke wangu," akasema, "siku yako ikifika, mimi naondoka na hiyo kanga."

"Utatangulia wewe."

"Nikitangulia, njoo uchukue ng'ombe umtakaye."

Nikamwambia nimeshamchagua, yule mweusi mwenye baka kwenye paji la uso.